Saanane Isipimwe kwa Kipimo cha Serengeti

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763. Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, iliyo mbele ya Jiji la Mwanza, ina kilomita za mraba 2.18, na hata hizo si za nchi kavu tupu, kwa kuwa hesabu inajumuisha kisiwa chenyewe, visiwa vidogo vilivyo jirani yake na maji yanayovizunguka. Kisheria hifadhi hizi mbili zina hadhi moja na zinasimamiwa na shirika moja. Nadhani hadhi hiyo ya pamoja ndiyo inayozaa manung'uniko mengi ninayoyasikia kuhusu Saanane. Mgeni aliyetoka kutazama misafara ya nyumbu huvuka kwenda kisiwani, akaona swala pala, pimbi na mijusi, kisha akarudi akisema kwamba huko hakuna kitu. Mwenyeji naye, akiisha kuyasikia maneno ya mgeni, huishi mjini miaka nenda rudi akikitazama kisiwa kutoka barabarani bila hata siku moja kukanyaga huko.

Kwa maoni yangu tatizo liko kwenye kipimo. Kabla ya kuitwa hifadhi ya taifa, Saanane ilianzishwa kuwa mahali pa kujifunzia na kupumzikia kwa watu wa mji ulio kando ya ziwa, na kwa kiasi kikubwa bado ndiyo kazi yake. Anayeiendea kama anavyoiendea bustani ya umma, yaani kwa kutembea polepole, kukaa kitako na kutazama vitu vidogo, hatoki mikono mitupu. Anayekwenda kumtafuta simba anayewinda nyikani amekosea njia.

Kisiwa kiko katika Ghuba ya Mwanza, kusini mwa Ziwa Victoria, umbali wa takriban kilomita mbili kutoka katikati ya mji. Njia ya kufika ni moja: unakwenda Capri Point, rasi yenye vilima inayoingia ziwani, unajiandikisha na kulipa kiingilio katika ofisi ya hifadhi, unavaa jaketi okozi na kupanda boti. Safari ya majini ni ya dakika chache tu. Wapo wanaolalamika kwamba ni fupi mno kuitwa safari. Mimi naipenda kwa ufupi wake huohuo, kwa sababu muungurumo wa bodaboda na honi za daladala haziishi ghafla bali hupungua kidogo kidogo, na ukifika gatini bado unaona mabati ya nyumba za mlimani yakimeremeta upande wa pili.

Jina la kisiwa ni la mtu. Mzee Saanane Chawandi alikuwa mvuvi na mkulima aliyeishi hapo na kuhesabiwa kuwa ndiye mwenye kisiwa, hadi alipohamishwa ili kupisha mradi wa serikali. Historia nyingi za hifadhi Afrika zina ukurasa wa namna hii, wa watu waliotakiwa kuondoka ili wanyama wapate nafasi, na mara nyingi ukurasa huo hufungwa haraka. Hapa angalau jina limebaki, na kila anayenunua tiketi hulitamka. Sidhani kwamba jina peke yake linatosha. Ningependa mgeni anaposhuka kwenye boti aelezwe kwanza habari za mzee huyo, jinsi alivyolima katikati ya mawe yale na jinsi alivyovua, kabla ya kuelezwa habari za swala.

Mradi uliomhamisha ulizinduliwa mwaka 1964, nao ulikuwa bustani ya kwanza ya wanyama nchini Tanzania. Ili kuelewa kwa nini nchi changa iliamua kutumia fedha na nguvu zake kwa jambo kama hilo, ni lazima kuukumbuka mwelekeo wa miaka ile. Mwezi Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitoa Ilani ya Arusha, iliyoutambua uhai wa wanyamapori kuwa jambo zito kwa watu wote wa Afrika na kuahidi kuulinda kwa ajili ya vizazi vijavyo. Mwaka 1963 kikafunguliwa Chuo cha Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro, ili Waafrika wenyewe wasomee uhifadhi. Mwaka 1964 Mikumi ikawa hifadhi ya taifa. Lakini hifadhi hizo zote zilikuwa mbali na maisha ya mwananchi wa kawaida, ambaye hakuwa na gari wala nauli, na ambaye kwa miaka ya ukoloni alikuwa amefundishwa kwamba wanyama ni mali ya serikali na kumsogelea mnyama ni kujitafutia kesi. Ukitaka mtu wa aina hiyo aunge mkono uhifadhi, ni lazima kwanza umpe nafasi ya kumwona huyo mnyama anayetakiwa kumhifadhi. Hivyo kati ya mwaka 1964 na 1966 wanyama walikamatwa sehemu mbalimbali za nchi na kuvushwa kwa vyombo vya majini hadi kisiwani.

Orodha ya wanyama hao inashangaza ukizingatia udogo wa eneo: tembo, faru weusi, nyati, twiga, pundamilia, nyumbu, pofu, choroa, nyamera, pongo, swala pala, swala granti, digidigi, ngiri, nungunungu, tumbili na kiboko. Waliohesabiwa kuwa hatari, kama vile faru na nyati madume, waliwekwa kwenye mazizi imara, na wengine wakaachwa watembee. Kwa wengi wa kizazi kile hapo ndipo walipomwona tembo kwa mara ya kwanza, tena akiwa na ziwa nyuma yake. Wazee wa familia yetu wanapoizungumzia Saanane, wanazungumzia bustani ile, wala hili jina la hifadhi ya taifa hawalitumii kabisa. Kwao kwenda Saanane ilikuwa ni nguo safi, foleni ya wanafunzi, na mwalimu anayehesabu vichwa kabla na baada ya kuvuka.

Kuna kichekesho kidogo ndani ya historia hii. Mwalimu, ambaye serikali yake ilijenga bustani hiyo, ananukuliwa katika maandishi mengi ya enzi zile akikiri kwamba yeye binafsi hakuvutiwa sana na wanyama, na kwamba hakuwa na hamu ya kutumia likizo zake kutazama mamba. Aliutetea uhifadhi kwa sababu aliuona kuwa ni wajibu na pia kuwa ni chanzo cha mapato. Nitarudi kwake baadaye kidogo, kwa kuwa ghuba hii ilimpa heshima ambayo huenda hakuitarajia.

Mwaka huohuo wa 1964 ziwa lenyewe lilikuwa katika hali isiyo ya kawaida. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1961, ambazo watu wa Afrika Mashariki walizipa jina la mvua za uhuru, ziliinua kina cha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita mbili hadi kufikia kilele mwezi Mei 1964. Ziwa hili hupata sehemu kubwa kabisa ya maji yake, kiasi cha asilimia 80, kutokana na mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja, wala si kutokana na mito, na ndiyo maana misimu michache ya mvua nyingi inatosha kuhamisha ufuko. Bustani ilianza, kwa hiyo, wakati maji yakiwa juu kuliko wazee walivyowahi kuyaona. Rekodi ile ilikaa kwa zaidi ya nusu karne hadi ilipofikiwa mwaka 2020, wakati magati, hoteli na nyumba za kandokando ya ziwa katika nchi zote tatu zilipoingiwa na maji. Atakayejenga chochote kisiwani, hata kibanda cha kupumzikia, ajue kwamba mstari wa maji anaouona leo hauna mkataba naye.

Miaka ya bustani haikudumu. Kuwalisha wanyama wakubwa kisiwani ni kazi ya gharama, na mawazo kuhusu kuwafungia nayo yalikuwa yakibadilika. Kisiwa kilitumiwa pia kuwapumzisha wanyama waliokuwa njiani kwenda Rubondo, kisiwa kikubwa zaidi kilichoko kusini magharibi mwa ziwa, ambako kuanzia mwaka 1966 Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt waliwaachia huru sokwe waliotoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya. Rubondo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Saanane ilibadilishwa kutoka bustani ya wanyama kuwa eneo la hifadhi mwaka 1991, na mwaka 2013 ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Kuhusu miaka hiyo ya katikati sina mengi ya kusema. Tembo na faru hawapo tena, na kwa kusema kweli sioni cha kusikitikia hapo, kwa kuwa faru aliyezungushiwa seng'enge juu ya jabali hamfundishi mtoto mengi kuhusu faru.

Kilichobaki baada ya wengi wa wanyama wa kuletwa kuondoka ni, kwa sehemu kubwa, kile kilichokuwepo tangu mwanzo, nacho ndicho kinachonifanya nirudi.

Kwanza ni mawe. Mwanza inaitwa mji wa mawe, na wageni wengi humaliza kazi kwa kupiga picha Jiwe la Bismarck, lile lililosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga. Miamba ya Saanane ni ya ukoo huohuo wa graniti, yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5, ambayo ni sehemu ya msingi wa kale kabisa wa bara hili. Mtu akiona jiwe kubwa limekalia jingine dogo, bila kuelemea upande wowote, hudhani limebebwa likawekwa hapo. Hakuna aliyelibeba. Graniti iliyokuwa bado chini ya ardhi ilipasuka kwa mistari ya wima na ya mlalo, maji yakapenya kwenye nyufa na kuoza jiwe taratibu kuanzia kwenye pembe, hadi kila pande likawa la mviringo ndani ya udongo uliotokana na kuoza huko. Baadaye mvua na mmomonyoko vikauchukua udongo na kuyaacha mawe yamepangana palepale yalipokuwa. Ukijua hivyo, kila rundo la mawe unaliona kuwa ni kiini cha kilima ambacho sehemu yake nyingine imekwisha kwenda ziwani.

Juu ya mawe hayo anaishi pimbi. Ni mnyama wa kiasi cha sungura, mnene, wa rangi ya kahawia, asiye na mkia wa kuonekana, na asubuhi huonekana kwa makundi wakiota jua, wamelaliana ubavu kwa ubavu, kwa sababu mwili wake hauna uwezo mkubwa wa kujirekebishia joto. Ukikaa kimya bila kumkazia macho, atakuacha umtazame kwa karibu sana. Tazama nyayo zake: ni nyeusi, laini, zenye unyevu unaotolewa na tezi, na unyevu huo ndio unaomwezesha kushika mwamba unaoteleza na kupanda ukuta ambao wewe usingeuthubutu. Tazama na meno yake mawili ya juu anapopiga miayo, marefu na yenye ncha, yanayoendelea kukua maisha yake yote. Meno hayo na mambo mengine ya mwilini yanamweka katika ukoo wa tembo na nguva, na uchunguzi wa vinasaba umeuthibitisha undugu huo. Jike hubeba mimba kwa zaidi ya miezi saba, muda mrefu ajabu kwa mnyama wa kimo kile. Kundi likila, mmoja hubaki juu akilinda, na akimwona tai hutoa ukelele mkali, na sekunde hiyohiyo jiwe zima linakuwa tupu. Wale wanaosema kwamba kisiwani hakuna kitu nadhani wamepita mara nyingi mbele ya jiwe tupu la namna hiyo bila kujua kwamba wao ndio walioligeuza tupu.

Pimbi ana mwenzake, mjusi wa miambani ambaye wanasayansi walimpa jina la mji huu wenyewe, Agama mwanzae, alipoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1923. Dume ana kichwa, shingo na mabega ya waridi iliyokolea, na kuanzia hapo kurudi nyuma ni buluu, hata watu wa mitandaoni wakambatiza jina la Spider-Man. Jike ni wa kahawia tu, na akitulia juu ya jiwe macho hayamwoni upesi. Dume hukaa kileleni pa eneo lake, akiinua na kushusha kifua mbele ya dume mwingine, na akishindwa au akiingiwa na hofu rangi yake hupauka. Anapatikana pia Serengeti na hata Rwanda, lakini huko watu humpita kwa gari wakitafuta chui. Huku unaweza kukaa mbele yake kwa muda unaotaka.

Swala pala wapo, na huzoea watu. Wapo pia kenge, chatu, tumbili na fisi maji, huyu wa mwisho akiwa mgumu kumwona, kwani hupenda alfajiri na magharibi. Aina za ndege ni zaidi ya 70. Furukombe hukaa kwenye miti mirefu iliyo karibu na maji na mlio wake unafika mbali. Mnandi hukausha mabawa juu ya mawe yaliyopakwa weupe na mavi yao wenyewe. Na mdiria mweupe na mweusi huelea hewani mahali pamoja kabla ya kujitupa majini kichwa mbele. Nyakati fulani wadudu wa ziwani huinuka kutoka majini kwa mamilioni na kusimama juu ya ghuba kama moshi wa shamba linalochomwa, na siku hizo mbayuwayu hawana haja ya kuhangaika.

Hata hivyo hazina kubwa zaidi ya eneo hili iko pale ambapo mgeni hawezi kutembea. Mawe yale ya graniti hayaishii ufukoni bali yanaendelea chini ya maji, na katikati ya nyufa zake wanaishi samaki wadogo wa jamii ya furu ambao wavuvi wa Kisukuma huwaita mbipi. Ziwa Victoria lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, na tangu lilipojaa tena zimetokea ndani yake mamia ya aina za furu ambazo hazipatikani kwingine duniani, kasi ambayo wanabiolojia hawajaacha kuistaajabia. Kisha katika miaka ya 1950 na 1960 sangara akapandikizwa ziwani, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa kila mahali. Sangara aliwatajirisha wengi na kujenga viwanda vya samaki, lakini furu wa maji ya wazi walitoweka kwa kiwango cha kutisha, na kuna makadirio kwamba aina 200 hivi zimepotea au zilikaribia kupotea. Mbipi walinusurika zaidi kwa sababu sangara mkubwa hawezi kuingia kwenye nyufa za mawe.

Watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kufanya kazi katika ghuba hii tangu miaka ya 1970, na mwaka 1985 samaki mmoja wa miambani alipewa jina la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Dume lake lina mgongo mwekundu. Jamaa yake wa karibu, ambaye dume lake ni la buluu lenye milia myeusi, anaitwa kitaalamu Pundamilia pundamilia, na yule wa Mwalimu ni Pundamilia nyererei. Kwa hiyo mtu ambaye hakutaka kutazama mamba amebaki na jina lake chini ya maji, katika kundi la samaki wenye jina la mnyama wa nyikani.

Samaki hao wawili wana habari ambayo mkazi yeyote wa Mwanza anapaswa kuijua. Majike huchagua madume kwa rangi. Maji yakiwa safi, jike wa aina moja humtambua dume mwekundu na jike wa aina nyingine humtambua wa buluu, na koo mbili zinabaki mbali ingawa zinaishi kwenye jiwe moja, zikitofautiana kidogo kwa kina. Maji yakichafuka kwa tope na mwani, mwanga wa buluu humezwa karibu kabisa na uso wa maji, rangi hazitambulikani vizuri, na majike huchanganya madume. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti walioufanya hasa katika visiwa vya sehemu hii ya ziwa, wakionyesha kwamba kadiri maji yanavyokuwa machafu ndivyo aina za samaki zinavyopungua na rangi zao kufifia. Ndani kabisa ya ghuba, ambako maji ni ya tope zaidi, aina hizi mbili zimechanganyika na kuwa kitu kimoja. Uchafu, kwa maneno mengine, unaweza kuimaliza aina ya samaki bila kumuua samaki hata mmoja.

Hapo ndipo ninapoona umuhimu wa kuyahesabu maji kuwa sehemu ya hifadhi. Kuvua ndani ya mpaka huo hakuruhusiwi, na samaki hupata mahali pa kuzaliana umbali mfupi kutoka mjini. Lakini mpaka wa hifadhi hauzuii maji ya mji. Mto Mirongo unapita katikati ya Mwanza ukiokota kila kitu kinachotupwa njiani, na baada ya mvua kubwa rangi ya maji ya kandokando ya mji hubadilika mbele ya macho. Rutuba inayoshuka kutoka mashambani na majumbani hulisha mwani, na ndiyo iliyolisha pia magugu maji, yale yaliyoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufunga magati katika miaka ya 1990 hadi yalipopunguzwa kwa msaada wa wadudu maalumu walioletwa kuyala. Magugu hayakuisha. Hurudi kwa misimu, upepo ukiyasukuma kutoka ufuko mmoja hadi mwingine. Mifuko ya plastiki imepungua tangu ilipopigwa marufuku nchini mwezi Juni 2019, ila chupa bado zipo, na zinafika kisiwani bila kulipa kiingilio.

Nimesema Saanane ni bustani ya umma, na ulinganisho wa haki ni na bustani nyingine za ziwa hilihilo. Entebbe ina bustani yake ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1898, wakati serikali ya kikoloni ilipotaka kujaribu mazao ya biashara, na leo watu hutandika mikeka chini ya miti iliyopandwa kwa ajili ya majaribio hayo. Kisumu ina Hifadhi ya Swala pala, iliyotengwa mwaka 1992 ili kulinda kundi dogo la swala pamoja na nzohe, mnyama wa jamii ya swala aishiye kwenye vinamasi; ni hifadhi ambayo mtu wa mjini anaweza kuifikia kwa miguu. Kati ya hizo tatu, ya Mwanza ndiyo ngumu kufikika, kwa sababu inahitaji boti, na kwa hiyo inahitaji kupanga. Hasara hiyo ndiyo pia iliyoihifadhi. Kama Saanane ingekuwa rasi badala ya kisiwa, sidhani kwamba ingekuwa na pimbi hata leo. Ingekuwa na kuta na mageti.

Hilo silisemi kwa chuki. Mwanza ina wakazi zaidi ya milioni moja katika wilaya zake mbili za Nyamagana na Ilemela, na ukiutembea ufuko wake kuanzia Capri Point utashangaa jinsi sehemu ambazo mtu asiye na pesa anaweza kukaa akatazama maji zilivyo chache. Kuna hoteli, kuna nyumba za watu, kuna viwanda, maghala na mialo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto, bwawa au bahari. Kusudi lake ni kulinda mazingira, lakini ingetekelezwa kikamilifu ingeacha pia ukanda wa watu kutembea. Ilivyo sasa, kisiwa kinabeba mzigo wa ufuko mzima. Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki hutozwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo tu ya kile cha mgeni anayelipa kwa dola, jambo zuri, lakini kwa familia ya watoto wanne hesabu ya boti na chakula haidharauliki, na ningefurahi kuona siku za wanafunzi zikiongezwa kuliko kuona matangazo zaidi kwa watalii wa mbali.

Watu wanaokwenda, basi, wanakwenda kufanya nini? Wengi hupanda njia ya miambani hadi juu, ambako ghuba yote inaonekana, mji upande mmoja na vilima vya ng'ambo upande mwingine. Wengine huja na vyakula vyao na kukaa kwenye maeneo ya kupumzikia yaliyo chini ya miti. Maharusi huja kupiga picha, vikundi vya kanisa na vya ofisini huja na michezo yao, na wapo wanaoomba boti iwazungushe kisiwa bila hata kushuka. Kuogelea hakufai, na sababu ni mbili: mamba wapo kweli, na konokono wanaosambaza kichocho wapo katika ufuko wa ziwa hili karibu kila mahali. Muziki wa kupayuka nao haufai, ingawa sijawahi kuona mamba amemla mpiga muziki.

Kwa anayetaka kwenda, siku ya kazi ni bora kuliko Jumapili, na asubuhi ni bora kuliko mchana, kwa sababu pimbi wako nje, mijusi inaanza kupata joto na rangi, na upepo wa ziwani unaoinua mawimbi alasiri haujaanza. Katika miezi ya mvua ni vizuri kutazama mawingu kabla ya kuondoka nyumbani, kwani dhoruba za ziwa hili hujikusanya juu ya maji usiku na huweza kufika ufukoni alfajiri. Viatu viwe vya kushika mwamba, maji ya kunywa yawe ya kutosha, na kama kuna darubini nyumbani ibebwe hata kama ni ya mtoto. Chakula kibaki mkobani hadi wakati wa kula, maana tumbili aliyezoea kupewa ndizi huanza kuzidai, na akishaanza kuzidai kwa meno anayeadhibiwa huwa ni yeye, wala si aliyempa.